Amplifaya ya Chumba cha Baba

Baba aliletwa kwangu Engutoto akiwa amefungwa kwa khanga mbili kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya jirani, ili asimwangukie dereva kwenye kona. Mama alikaa nyuma pamoja na godoro, mkungu wa ndizi na kuku mmoja, kofia ya baba mapajani. Ilikuwa wiki ya tatu tangu aanguke kati ya mibuni kule Akheri. Upande wa kulia wote ulikuwa umepooza, na maneno yalikuwa yamekatika kabisa. Hospitali walituambia kilichobaki ni mazoezi ya viungo, mara mbili kwa wiki, na kumshusha mtu wa hali ile kutoka Akheri mara mbili kwa wiki hakukuwezekana. Mimi nilikuwa mjini, sina mke, nina vyumba viwili vya kupanga. Nikawapa wao chumba cha kulala, mimi nikahamia kwenye kochi.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo kwenye chuo cha misitu Olmotonyi. Asubuhi nilipanda lori la wafanyakazi, jioni lilinirudisha, na katikati nilikuwa nahesabu misumeno na viriba vya miche. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Watu walikuwa wanasema kila kitu sasa ni ruksa. Kahawa yetu ilikuwa inaanza kufuatwa shambani na watu wenye magari yao na mizani yao, na madukani mjini kulikuwa kumejaa vitu ambavyo utotoni tulikuwa tukiviona kwenye picha tu.

Nieleze kidogo baba alikuwa nani. Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mwenye darasa la nne, na kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Noti za do-re-mi alifundishwa na mwinjilisti mmoja akiwa kijana, kisha akajiendeleza mwenyewe. Angeweza kusimama mbele ya watu arobaini wanaoimba, akasikia mmoja tu aliyepotea, akamwendea moja kwa moja. Nilikuwa na miaka kumi aliponiendea mimi. Aliinamisha sikio karibu na mdomo wangu, akasikiliza, akasema bila ukali wowote, "Wewe unawavuta wenzako chini. Kakae kwenye benchi." Nikakaa kwenye benchi. Hatukulizungumzia jambo hilo tena, si mwaka ule wala miaka iliyofuata. Dada yangu mdogo ndiye aliyeimba. Alikuwa sauti ya pili mpaka alipoolewa Machame.

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa nesi mstaafu. Yeye ndiye aliyetufundisha kumgeuza baba asipate vidonda, na kumlisha mtori kwa kijiko kidogo upande wa kinywa unaofanya kazi. Siku ya kwanza alitukuta mimi na mama tukizungumza juu ya baba kana kwamba hayupo. Akatukemea.

"Msimzungumzie, zungumzeni naye," alisema. "Huyu anasikia kila kitu."

Maneno hayo yalinikaa. Kama anasikia kila kitu, basi anachosikia siku nzima ni nini? Redio ya mpangaji wa jirani, lori la maji, mama akichambua mchele. Ndipo nikakumbuka zile spika.

Zilikuwa spika mbili ndogo za mbao, za kuweka kwenye rafu, kila moja na ukubwa wa tofali mbili zilizopandana. Nilizinunua kwa mwalimu wa kigeni pale chuoni alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao. Amplifaya yake alikuwa amekwisha kumuahidi mtu mwingine, kwa hiyo nilibeba spika peke yake, nikijiambia kwamba siku moja nitapata ya kuzipigia. Ilipita miaka minne. Moja nilikuwa naitumia kuwekea taa. Nilikuwa pia na deki ya kaseti, isiyotoa sauti bila amplifaya, na nilikuwa na kaseti yenyewe: kwaya ya baba ikiimba kanisani siku ya Pasaka, ikiongozwa naye. Ilibaki amplifaya.

Nilianza kama mtu yeyote angeanza, kwenye duka kubwa lenye vioo. Kijana wa dukani alinionyesha moja pana, yenye taa zilizocheza kijani na nyekundu kila muziki ulipopanda. Mbele iliandikwa wati elfu moja. Akaipiga mpaka wapita njia wakasimama.

"Hii ndiyo mwisho wa matatizo, kaka," alisema.

"Ni ya chumba cha kulala. Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa atapona."

Sikuinunua siku hiyo. Nilipitia kibandani kwa fundi redio nyuma ya soko kuu, mzee aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa ameifungua. Nikamweleza.

"Wati elfu ameziandika mtu wa karatasi, si mtu wa umeme," alisema. "Uliinyanyua?"

"Sikuinyanyua."

"Karudi uinyanyue. Kama ni nyepesi kama kopo la maziwa ya unga, ndani hamna transfoma ya maana. Transfoma ni chuma na shaba, haiwezi kukosa uzito." Kisha akaniuliza, "Nyuma ya spika zako pameandikwa omu ngapi?"

Sikujua. Kesho yake nilirudi nikiwa nimeandika kwenye karatasi: nne.

"Basi uwe mwangalifu. Spika za omu nne zina ukinzani mdogo, zinavuta umeme mwingi; amplifaya hizo zenye taataa utaziunguza mwezi wa kwanza. Na masikio ya mgonjwa yatakuwa umbali gani na spika?"

Nilinyoosha mkono kumwonyesha. Kitanda kilikuwa kimechukua karibu chumba chote. Rafu ningeipigilia juu ya kichwa chake, kati ya dirisha na kabati, na upana wake usingeweza kuzidi futi moja na inchi mbili.

"Umbali huo wati ishirini za kweli zinatosha, nyingine zitabaki. Unapigia kitanda, hupigii ukumbi. Tafuta ndogo, nzito, isiyotoa joto sana, isiyonguruma wimbo ukiwa chini." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Na mzee mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi, fundi. Ni kiharusi."

"Basi itabidi umchagulie."

Nilimchagulia kwa wiki sita. Sasa nikifikiri, sijawahi kufanya kazi yoyote kwa umakini kama ule. Kila Jumamosi nilitembea mjini na ile kaseti ya Pasaka mfukoni na rula ya mbao mkononi. Kwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro, aliyekuwa akileta vyombo vilivyotumika kutoka Dubai, nilikuta amplifaya ya Kijapani nzuri sana, nzito hata kuishusha kwenye kaunta nilitumia mikono miwili. Sauti yake ilikuwa safi. Lakini ilikuwa pana kuliko rafu yangu kwa inchi tano, na katikati ya nyimbo, pale kwaya inaposhusha pumzi, ilinguruma.

"Hiyo ngurumo hataisikia," yule mama aliniambia. "Mgonjwa hana masikio hayo."

"Huyu anayo," nilimjibu. "Huyu anasikia mtu mmoja kati ya arobaini."

Nilijisikia fahari kusema hivyo.

Mwishowe ni fundi aliyeipata. Shirika moja la umma lilikuwa linafungwa, na vitu vyake vilikuwa vinauzwa uani. Tulikwenda pamoja. Viti, mashine za kuandikia, makabati ya chuma, vyote vilikuwa vimepangwa juu ya nyasi, na nje ya uzio walisimama watu waliokuwa wafanyakazi wa pale mpaka mwezi uliotangulia. Hawakuja kununua. Mwanamke mmoja aliona meza yake ikibebwa akasema, "Droo ya chini haifungi, muwaambie," kisha akaondoka. Kwenye sanduku la vitu vya chumba cha mafunzo fundi alifukua amplifaya nyeusi isiyozidi ukubwa wa Biblia ya madhabahuni, ikiwa na vitufe vitatu tu vya kuzungusha: sauti, besi ya mlio mzito na trebo ya mlio mwembamba. Akaipima mkononi. Akaitikisa sikioni. Akanipa.

"Hii," alisema.

Kibandani aliisafisha, akabadilisha waya wa umeme, akaiunganisha na spika zangu nilizokuwa nimezibeba kwenye kikapu. Tukaweka kaseti. Kabla kwaya haijaanza kulikuwa na kimya kifupi, na katika kimya hicho nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwenye chombo kingine chochote: kiatu cha baba kikigonga sakafu ya kanisa, mara nne, kuwapa wenzake mwendo. Nikarudisha kaseti. Nikasikia tena. Kiatu kile, kisha pumzi yake, kisha watu arobaini.

Nilimwambia fundi ninaichukua. Machozi yalinitoka mbele ya mteja aliyeleta pasi.

Niliifunga siku ya Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa amemwogesha baba na kumvika shati jeupe. Nilikuwa nimepigilia rafu siku iliyotangulia, spika moja kila upande, zikiwa zimeelekezwa chini kidogo kwa masikio yake kama fundi alivyoniagiza. Nikasema, "Baba, nimekuletea kwaya yako." Nikabonyeza.

Wimbo ulipoanza, baba alifumbua macho makubwa. Mashavu yalimtetemeka. Kisha mkono wake wa kushoto, mkono pekee uliokuwa hai, ukanyanyuka kutoka kwenye blanketi, kiganja kikiwa wazi, ukaenda juu, ukabaki hapo ukitikisika.

Mama alipiga kelele. "Anaongoza! Mungu wangu, anaongoza kwaya!"

Alilia, na mimi nililia. Machozi yalikuwa yakimtoka baba pia, yakishukia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Mama aliyapangusa kwa ncha ya khanga, akarudia kusema, "Anafurahi, mwone anavyofurahi." Nikasogeza kitufe, nikaongeza sauti ili apate zaidi. Mkono ukapanda zaidi.

Tangu siku hiyo baba alipigiwa kwaya yake kila siku. Mama alijifunza kubonyeza, akawa anaiwasha asubuhi nikishaondoka, mchana tena baada ya chakula, na jioni niliporudi niliiwasha mimi. Nilirekodi kaseti nyingine za kwaya za sharika za jirani asichoke na ile moja. Nilikuwa nikibadilisha besi na trebo kila siku, nikimtazama mkono wake kujua ni ipi anayoipenda. Mkono ukinyanyuka haraka, nilijua nimepata. Nilianza hata kumweleza mambo ya omu na transfoma. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuzungumza na baba muda mrefu namna ile.

Habari zilifika Akheri. Wanakwaya wake walikuja Jumapili moja, watu kumi na wawili, wakajipanga kuanzia mlangoni mpaka dirishani, wengine uani. Waliimba juu ya kaseti, sauti zao za leo juu ya sauti zao za zamani. Baba alinyanyua mkono mpaka bega likamtetemeka. Alitoa sauti kooni, kitu kama mlio wa mtu anayebeba mzigo. Mzee wa besi, rafiki yake tangu ujana, alisema, "Hata besi anataka kuimba." Waliondoka wakimshukuru Mungu na wakinishukuru mimi. Yule mzee alinishika bega akasema, "Umemrudishia baba yako uhai." Nilitembea nao mpaka barabarani nikiwa na maneno hayo kifuani.

Ulikuwa pia wakati wa mgao wa umeme. Siku nyingine ulikatika asubuhi mpaka jioni. Siku hizo baba alilala usingizi mzito, alikula bakuli zima la mtori, na uso wake ulikuwa umetulia. Tuliyaona hayo. Tulisema amechoka kwa kuongoza, na ni vizuri apumzike. Nilimwambia, "Usijali baba, umeme utarudi." Nikaenda kwa fundi kuuliza kama amplifaya yangu inaweza kufanya kazi kwa betri ya gari, ili baba asikose kwaya hata siku moja. Fundi alisema itawezekana akipata kifaa fulani. Nikamwomba akitafute.

Hali hiyo ilikwenda karibu miezi mitatu.

Dada yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hakuwa amepata ruhusa tangu zile siku za mwanzo hospitalini. Shule zilipofungwa alikuja. Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilimpokea begi mlangoni, nikamwambia kwa furaha, "Njoo uone baba anavyoongoza." Kaseti ilikuwa tayari inacheza. Aliingia chumbani, akautambua ule wimbo kabla hajatamka neno, kwa sababu alikuwa ameuimba mwenyewe mara nyingi. Alitabasamu. Kisha akauona mkono wa baba.

Tabasamu lilikatika. Alipita kati yangu na mama, akainama nyuma ya kabati, akauchomoa waya ukutani.

"Mnamfanyia nini baba?"

"Unafanya nini wewe?" mama alisema. "Anaongoza!"

"Mama, baba haongozi kwa mkono wa kushoto. Hajawahi. Anaongoza kwa wa kulia. Kushoto, kiganja wazi namna ile, ni kunyamazisha. Miaka kumi na moja nimeimba mbele ya huo mkono. Ukipanda, unafunga mdomo hata kama neno lako liko nusu."

"Wa kulia umekufa," mama alisema. "Angetumia upi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Dada alikaa kitandani. Baba alikuwa ameshusha mkono, kifua kinapanda na kushuka. Dada alichukua kidole chake mwenyewe akakiweka ndani ya kiganja cha kushoto cha baba.

"Baba, shikamoo. Ni mimi. Kama ni ndiyo, niminye kidole. Kama siyo, usifanye kitu. Umenielewa?"

Vidole vya baba vilijifunga. Niliviona. Kitu rahisi kama hicho hakuna aliyekifikiria kati yetu, siku zote zile. Tulikuwa tumemsemesha kama nesi alivyotuagiza. Tulimsemesha asubuhi na jioni. Hatukumuuliza.

"Baba, ulikuwa unataka muziki uzimwe?"

Alimminya.

"Tangu leo?"

Vidole vilibaki vilivyo.

"Tangu siku ya kwanza?"

Alimminya, na safari hii hakuachia. Mama alitoka nje. Nilimsikia akienda mpaka kwenye bomba la uani, akalifungua, likamwaga maji ardhini bila ndoo.

Naandika hili kwa aibu: swali langu la kwanza lilikuwa juu ya mashine. Nilimwambia dada, "Muulize kama ni amplifaya. Labda trebo ilikuwa juu mno. Labda kuna ngurumo ambayo mimi siisikii."

Dada akamuuliza. Baba hakuminya.

"Ni nyimbo zenyewe, baba? Muziki wowote unakuumiza?"

Aliminya.

Jioni nesi alipokuja kumgeuza tulimweleza. Hakushangaa. Alisema alipokuwa wodini aliwahi kuwa na mgonjwa mmoja wa kiharusi, mwanamke aliyerudiwa na maneno baadaye, ambaye alieleza kwamba muziki ulimgeukia. Watu wakizungumza alisikia sawasawa, lakini wimbo ulimjia kama sufuria zinazotupwa juu ya saruji, mfululizo, bila mwanya. "Hutokea," alisema, akipaka mafuta kwenye visigino vya baba. "Si wengi. Kichwa kikiumia huwezi kujua kimeharibika wapi." Kisha akatuuliza mbona hatukumwambia kwamba alikuwa akilia. Tukasema tulidhani ni furaha.

Nilianza kuifungua rafu siku ileile. Misumari iligoma, ikabidi niigonge kwa nyundo juu ya kichwa chake, na kila pigo baba alifumba macho. Dada alinishika mkono. "Acha. Ibaki rafu tupu." Nikaacha. Spika na amplifaya nilizifunga kwenye gunia nikazisukuma chini ya kochi.

Sasa alikuwa na njia ya kujibu, na dada alitumia siku zilizobaki kumuuliza kila kitu. Maji? Blanketi? Unaumwa mguu? Unataka mchungaji? Alikuwa na majibu mengi sana, yaliyokuwa yamelundikana. Siku ya nne alimuuliza kama anataka kurudi Akheri. Alikishika kidole chake kwa nguvu mpaka dada akauma midomo. Nilisema mazoezi je? Dada akamuuliza habari ya mazoezi. Hakuminya. Akauliza tena habari ya Akheri, akaminya.

Tulimrudisha kwa pikapu ileile. Barabara ilikuwa na matope na migomba ilikuwa imeinama kwa mvua. Nyumba ya Akheri haikuwa na umeme, na mlima ulio juu ya kijiji ulikuwa umefunikwa na mawingu kiasi kwamba ungesema haupo. Tulimlaza kwenye chumba chake kinachotazama mibuni. Mama alifungua dirisha. Hapakuwa na sauti yoyote ila matone yakianguka kutoka kwenye majani, na baba alilala kabla hatujamaliza kumvua viatu.

Mwanzoni nilikwenda kila Jumapili. Nilikaa kando ya kitanda, nikaweka kidole changu kiganjani mwake kama dada, nikamuuliza kama yuko vizuri. Aliminya. Nikamuuliza kama anataka maji. Baada ya hapo sikuwa na swali. Lile nililotaka kumuuliza, kama amenisamehe, sikulitamka, kwa sababu niliogopa vidole visivyofanya kitu. Siku moja tulikaa hivyo saa nzima. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Niliposimama kuondoka ndipo nikagundua kwamba alikuwa amelala muda mrefu, na kidole changu kilikuwa kimebaki ndani ya mkono wake bila kazi.

Nikaanza kwenda baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi. Kulikuwa na sababu kila mara: stoo ilikuwa inakaguliwa, lori lilikuwa bovu, nilikuwa na mafua nisije nikamwambukiza. Ukweli ni kwamba zile wiki sita za rula na kaseti nilikuwa mtoto mwenye kazi ya kufanya, na sasa nilikuwa mtoto tu.

Alifariki katika miezi ya baridi, asubuhi, mama akiwa jikoni. Nilifika mchana. Kwaya ilikuja ikaimba kaburini, watu wote wale, na yule mzee wa besi aliimba akiwa amenipa mgongo. Dada alikuwa amekwisha kuwaeleza. Hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Nilisimama nyuma, penye kahawa, mdomo umefungwa.

Ile amplifaya nilimrudishia fundi. Hakuuliza sababu. Alinieleza kwamba kile kifaa cha betri amekipata, kiko kwenye droo, nami nikamwambia akiuze.

Msimu uliofuata niliomba likizo nikaenda kumsaidia mama kuchuma kahawa. Alikuwa amepungua sana. Tuliketi nje tukichambua matunda mabichi na yaliyoiva, na katikati ya kazi, bila kuinua kichwa, akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba mwaka mzima.

"Zile siku ulipokuwa ukiongeza sauti. Baba yako alikuwa anakutazama wewe, au alikuwa ananitazama mimi?"

Nilimwambia alikuwa amefumba macho.

"Kila mara?"

"Kila mara, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua. Haikuwa kweli. Alikuwa ananitazama mimi.